Tarehe ya Kuvuta Vumbi

Kiwandani walimwita Bi Chupa, wala hakuchukia. Kazi yake ilikuwa kuwagawia wafanyakazi chupa za mkojo, kuupima, kisha kukadiria vumbi la mionzi lililoingia mapafuni mwao. Wanaume walimtania mlangoni, "Bi Chupa, leo nimekuletea ya moto!" naye akawaambia waende wakajisifu kwa wake zao.

Asubuhi ile hakutaka utani wa mtu. Alishika fomu ya fundi wa vichujio, na damu ilikuwa inamchemka. Kipimo kilionyesha kiasi kidogo tu. Sawa, lakini kidogo cha lini? Mtu akivuta vumbi lile, mwili hulitoa kwa wingi siku za mwanzo, halafu hulitoa tone kwa tone. Kidogo cha siku tatu si cha kutisha. Kidogo kile kile baada ya wiki sita ni balaa, kwa sababu kilichoingia kilikuwa kingi, na kingi bado kimo. Ndiyo maana katika fomu nzima aliulinda mstari mmoja kama mboni ya jicho: tarehe ya kuvuta.

Mstari huo ulikuwa umepakwa wino mweupe. Juu yake iliandikwa Jumatatu ya wiki hii, kwa mwandiko wa meneja.

Aliingia ofisini kwa meneja bila hodi. Fundi mwenyewe alikuwa pale, kichwa chini, kofia mapajani.

"Nani kafuta?"

"Tumekaa tukakubaliana," meneja alisema. "Mfuko wa kichujio ulipasuka Jumatatu. Yeye mwenyewe kasaini."

"Mdogo wangu, nitazame. Ulipasuka lini?"

Fundi aliikunja kofia yake. "Dada, bosi kasema kipimo kikizidi nitatolewa kazini."

"Kikizidi unapelekwa hospitali! Nani kakudanganya?" Akamgeukia meneja. "Mwezi uliopita lango la kuwapima watu mionzi wakitoka lilikuwa bovu, na ulijua. Hiyo ndiyo tarehe unayoikimbia."

"Chunga mdomo wako, mama."

"Nimeuchunga miaka kumi na moja, na ona ulikonifikisha!"

Fundi aliingiza mkono kwenye mfuko wa shati akatoa kadi ya kliniki. Alikuwa ametoka kumpeleka mtoto wake chanjo ya wiki sita.

"Ilikuwa siku hii," alisema, akiweka kidole kwenye tarehe ya kuzaliwa. "Mfuko ulipasuka, vumbi likanijaa usoni na kifuani. Kabla sijajifuta nikapigiwa simu, mke wangu kajifungua. Nikatoka mbio."

Bi Chupa alinyakua kalamu ya meneja mezani, akaikata Jumatatu, akaandika tarehe ya kadi kwa herufi kubwa. Alifurahi, tena furaha ya kisasi, na hakuionea haya.

Kisha maneno ya fundi yakamrudia. Nikatoka mbio. Kalamu ikamganda mkononi.

"Ovaroli ulibadilisha wapi?"

"Sikubadilisha, dada. Nilifika nayo hospitali. Nesi akanipa mtoto, nikamlaza hapa." Akagusa kifua chake. Mkono ukabaki pale pale, na uso wake ukabadilika taratibu, kwa sababu sasa na yeye alikuwa ameelewa.

Bi Chupa alitoka. Alitaka kuvunja kitu, kioo, meza, shingo ya mtu. Alifungua kabati lake akapekua rafu zote mpaka ya chini kabisa, akitupa chupa sakafuni. Iliyokuwa ndogo kuliko zote ilikuwa ya lita moja.

Alirudi na mbili, akazibwaga mbele ya meneja.

"Moja ya mama, moja ya mtoto," alisema. "Utazipeleka wewe. Na utamweleza mwenyewe yule mama za kazi gani."