Pua Ndefu ya Ghetano Iori

Karibu kila barakoa ya mti iliyovaliwa kijijini kwetu Penia ilitoka mikononi mwa Tita Verra, naye alizijua kama mchungaji anavyojua ng'ombe wake. Ile ya bufon, mcheshi mwenye pua ndefu ambaye siku za kanivali huingia nyumba hadi nyumba akiwasema watu makosa yao, alimchongea jirani yake Ghetano Iori kabla ya vita. Shavu la kushoto lilipopasuka, Tita mwenyewe aliliunga kwa kijiti.

Wakati huo walikuwa marafiki. Agosti iliyopita, kule juu kwenye nyasi za kukata, Ghetano alimshutumu Tita kwamba amesogeza jiwe la mpaka. Tita akamrukia. Walipigana kwa mipini ya miundu mpaka Ghetano akamvunja taya. Tangu hapo Tita alitafuna upande mmoja. Alimwambia Simon, mdogo wake aliyeishi naye, kwamba siku Ghetano akivuka kizingiti chake atatoka amebebwa.

Simon alikuwa amemwona kaka yake akilisukuma jiwe lile. Kwetu mdogo hamwiti mkubwa mwizi. Lakini bufon husema lolote, na sikuwahi kusikia kwamba amepigwa. Basi Simon akaenda kwa Ghetano kuazima barakoa, na Ghetano, aliyekwisha kuuchoka ugomvi, akampa. Alimwonya tu asijulikane. Simon akamjibu kwamba atasema kwa kuvuta pumzi ndani, kama bufon wote, na hata mama yake asingemtambua.

Walifikiria sauti. Hawakufikiria mti.

Mchana ule nilikuwa mezani kwa Tita, nikila maandazi ya kanivali. Bufon aliingia akiruka, akanicheka mimi kwanza kwa kulala kanisani. Tita hakucheka. Alikuwa akilitazama shavu la kushoto.

"Na wewe, fundi," bufon akasema, "mabega yanakuuma bado? Jiwe lile lilikuwa zito. Hatua tisa, nilizihesabu."

"Umekuja mwenyewe, Ghetano," Tita akasema polepole.

Akachukua nyundo ya mti anayochongea. Nilikuwa karibu kuliko mtu mwingine yeyote na sikunyanyua mkono, nilidhani anatishia. Pigo la kwanza lilivunja pua. La pili lilipasua barakoa palepale penye kijiti, kibanzi kikaingia jichoni, na mwanamume yule akaanguka juu ya benchi la jiko. Tita akamkanyaga kifuani, akampiga tena. Damu iliruka hadi kwenye maandazi. Nilipomshika hatimaye, alinitupa ukutani kwa kiwiko.

Kisha sauti ikatoka, safari hii kwa pumzi ya kawaida.

"Kaka, basi."

Tita aliinama akaondoa vipande kimoja kimoja, kama mtu anayemenya kitu cha moto. Alipouona uso, nyundo ilimtoka mkononi.

Ghetano alikuwa akingoja nje. Aliposikia kelele aliingia, akavuka kizingiti kile bila kumwangalia mtu, akapiga magoti, akakiweka kichwa cha Simon mapajani.

"Mimi ndiye niliyelisogeza," Tita akasema.

"Tunajua," Ghetano akamjibu. "Shika miguu."

Wakambeba pamoja, mbio kwenye theluji, hadi kwa daktari wa kijiji cha Cianacei. Simon alipona. Jicho halikupona.

Juni, theluji ilipokwisha juu, Tita alilibeba lile jiwe kwa kamba mgongoni, kulirudisha mahali pake, akikataa msaada. Mimi na Ghetano tulifuata nyuma. Simon alisimama kwenye mpaka wa zamani, akaulenga mwamba wa ng'ambo ili kuupata mstari.

"Unaona sawasawa?" Ghetano akamuuliza.

"Anayelenga mstari hufumba jicho moja," Simon akasema. "Mimi nimeshafumba. Kaka, kushoto kidogo."

Tita akasogea kushoto.