Anayemtuma Asimame

Jumamosi hiyo vijana wa kanisa walikuwa wakiosha magari uani, na kazi iliwaendea vizuri kwa sababu mvua ya juzi ilikuwa imewachafulia wateja wote. Mpiga kinanda alishika mpira wa maji, wengine wakasugua, na asiye na gari aliambiwa alete hata baiskeli. Walikuwa wakichangisha fedha za safari ya injili ng'ambo, katika nchi ya baridi ambako, kwa maelezo ya mchungaji, makanisa ni makubwa na watu hawajazi hata viti vya mbele. Wangeimba kwenye nyumba za wazee, wangepaka rangi kanisa moja, na wangehubiri somo moja tu: msamaha.

Mama Mdogo aliketi kwenye ngazi ya mlango wa pembeni akikamua matambara. Alikuwa dobi, na mikono yake haikujua kukaa bure. Vijana wote walimwita Mama Mdogo kwa sababu Kijiti, binti wa marehemu dada yake, alimwita hivyo, na jina likishatoka kinywani mwa Kijiti halirudi. Alikuwa msichana mwembamba mwenye sauti ya kujaza ukumbi. Siku hiyo alikuwa juu ya kichwa cha lori, akiwatania wenzake wa chini kwamba wanalisugua kama watu wanaoogopa litaamka.

Kanisa lilikuwa na utaratibu wake. Jumapili ya kuagana, kila kijana alisimamishwa mbele, mchungaji akauliza nani anamtuma, na mzazi mwenye sifa njema kanisani akasimama kujibu. Asiyesimamiwa hakwenda, hata kama ameosha magari ya mji mzima. Kwa kuwa mama yake Kijiti alikuwa amefariki, ilikwisha kupangwa kwamba Mama Mdogo angesimama badala yake.

Jumatatu mchana, Mama Mdogo akiwa anapiga pasi, dada yake aliingia kwa mlango wa jikoni. Alikung'uta udongo kwenye pindo la gauni, akauliza mashine yake ya kufuma masweta iko wapi.

"Chini ya kitanda," Mama Mdogo alisema. "Nyuzi ziko sandukuni, sijazigusa."

"Umenenepa."

"Na wewe umekonda."

"Mimi nina sababu," marehemu alisema, akaiburuta mashine.

Alikuwa amesikia kwamba mwanawe anakwenda kwenye baridi na vigauni vya pamba. Kule aliko habari hufika, ila huchelewa, kwa hiyo hakuwa na muda wa kupoteza. Mama Mdogo alimwekea kiti karibu na dirisha, akarudi kwenye pasi yake. Ilimbidi alipige pasi shati moja mara tatu, kwa kuwa macho yalikuwa yakimjaa maji.

Kijiti aliporudi alimwamkia mama yake, akanyoosha mikono ili apimwe. Vipimo vilichukua muda mrefu kuliko sweta lolote linavyohitaji.

Marehemu aliwafumia vijana wote, kisha akafuma mengine ya kuuza kusaidia safari. Mji ule ulikuwa na joto na hakuna aliyevaa sweta, lakini penye joto masweta ya marehemu yalimpoza mvaaji kama maji ya mtungi, na baada ya siku chache foleni ilifika kwa fundi viatu. Watu walileta na salamu za kupelekewa ndugu zao waliotangulia. Jirani mmoja aliagiza mume wake aulizwe ufunguo wa stoo aliuweka wapi. Jibu lilikuja kesho yake: ulikuwa mfukoni mwa suti waliyomzika nayo, na anaomba radhi.

"Basi Jumapili utasimama wewe, mama," Kijiti alisema jioni moja.

Marehemu aliinamia mashine. Alijifanya uzi umekwama.

Mama Mdogo ndiye aliyekwenda kwa mzee wa kanisa, akimpelekea suti yake aliyompigia pasi. Mzee alimsikiliza vizuri. Alisema kifo si tatizo. Katiba ya kanisa haisemi mzazi awe hai. Tatizo ni kwamba dada yake alitengwa alipobeba mimba ya Kijiti bila ndoa, akawekwa benchi la nyuma, karibu na mlango wa choo, na alikufa kabla hajarudishwa.

"Lakini alitubu mbele ya watu, Mzee."

"Kutubu alitubu. Kumtaja mwanamume hakumtaja."

Mama Mdogo aliuliza kama yupo mwanamume yeyote aliyewahi kuulizwa. Mzee alisema hilo halikuwa kwenye ajenda. Kisha akauliza kama marehemu anaweza kumfumia moja lisilo na mikono, rangi ya bluu.

Dada yake aliposikia alicheka mpaka mashine ikaruka mishono. Alisema benchi lile wameshazoeana. "Wewe simama, sema 'mimi', ukae," alisema. "Usiniharibie safari ya mtoto."

Jumapili vijana walijipanga mbele katika masweta yao, wakavu kama chaki huku mchungaji akijifuta jasho. Marehemu aliingia kwa mlango wa nyuma na kuketi mahali pake. Mama Mdogo alikuwa kwenye kwaya, ndani ya joho jeupe alilolipiga pasi mwenyewe. Zamu ya Kijiti ikafika.

"Nani anamtuma binti huyu?"

Mama Mdogo alisimama. "Mimi."

Katibu aliandika. Kilichobaki kilikuwa kukaa, na Mama Mdogo hakukaa.

"Pamoja na mama yake, aliyekaa pale nyuma," alisema. "Yeye ndiye aliyewavika wote hawa. Mimi namshikia nafasi tu, mpaka mtakapomsamehe."

Kanisa likanyamaza. Mpiga kinanda alidhani ndiyo ishara yake, akaanza wimbo wa kuaga, na kwa kuwa hakuna mtu anayejua kunyamaza kinanda kikilia, wote waliimba, beti zote. Kijiti aliimba akitazama nyuma. Vijana wakapanda basi la uwanja wa ndege wakipunga mikono, na katibu hakufuta kitu, kwa sababu alikuwa ameandika kwa wino.

Siku ya pili mzee alikuja akiwa amevaa sweta lake la bluu, na suruali ya kupigwa pasi mkononi. Alieleza kwa upole kwamba wazee wamekutana, na Mama Mdogo ameondolewa kwenye kwaya na kuwekwa benchi la nyuma hadi atakapotubu kuvuruga ibada. Mama Mdogo aliuliza kama suruali aipige mkunjo au asiipige. Mzee alisema apige.

Jumapili iliyofuata Mama Mdogo aliingia kwa mlango wa nyuma. Dada yake alikuwa ameshasogea kumpisha. Mchungaji alisoma salamu kutoka ng'ambo: Kijiti amehubiri msamaha, na watu wamelia. Washirika walipiga makofi. Marehemu akamnong'oneza mdogo wake kwamba mtoto huyo, kwa kupenda kusema, amefanana na familia nzima. Mama Mdogo aliziba mdomo kwa kitambaa, lakini kicheko kilimponyoka, na cha dada yake kikafuata.

Msimamizi wa mlango akaja kuwaomba, mmoja baada ya mwingine, wapunguze sauti. Kisha akarudi mahali pake kuuzuia mlango, ili wasitoke kabla ya watu wa mbele.