Chikanda cha Matwebe

Kompyuta nne za Khalidi, mwenye duka la intaneti pale Tukuyu mjini, zilisubiri wateja kuliko mchumba wa dereva wa lori. Basi mwalimu Pudensiana wa baiolojia akamwomba, zikikaa bure, zipige hesabu za chuo kimoja cha ng'ambo. Unazipa mahali mmea ulipopatikana, zinalinganisha mvua, baridi na mwinuko, kisha zinapaka rangi kote unakoweza kuota.

Mmea wenyewe ni chikanda, ua la porini ambalo viazi vyake vya kula, tangu biashara ifunguliwe, vinavuka kwa magunia kwenda Zambia. Mwekezaji alitaka kupanda mipaina kwenye kilima cha juu ya Lupepo. Halmashauri ikamwambia mwalimu: ramani ikionyesha chikanda kiko pale, kilima kinaachwa. Kiangazi kile maua yalishakauka. Juu ya ardhi hapakuwa na hata jani la kuonyesha.

Akawauliza wachimbaji sokoni walikokitoa. Ishirini na sita walijibu Matwebe, kijiji cha migomba, naye akaandika Matwebe mara ishirini na sita. Yeye, mtu wa Bukoba, angejuaje kwamba mchimbaji wa huku hamtajii hata mumewe anapochimba?

Ramani ikatoka. Migomba ya Matwebe imeiva wekundu. Kilima cheupe pee.

Akamfuata bibi Tusekile, mmoja wa wachimbaji wale, kwenye meza yake sokoni. "Bibi, Matwebe kuna chikanda?"

"Matwebe kuna ndizi, mwanangu."

"Sasa mbona uliniambia?"

"Uliniuliza mbele za watu. Ulitaka nivue nguo?"

"Basi kesho njoo mkutano wa halmashauri, useme ni kilimani."

Bibi akapanga upya viazi vyake. "Nikitaja, wenye magunia watafika huko kabla ya chai. Nisipotaja, mipaina. Wewe uliyesoma, nichagulie."



Mkutanoni wenye magunia walijaza benchi la mbele. Ofisa akainua ramani. "Kompyuta nne zimesema, mwalimu, na wewe ndiye uliyezituma. Una la kuongeza?"

Akamtazama bibi Tusekile, aliyejiziba mdomo kwa khanga.

"Sina."

Jumatatu alipanda kilimani, kabla trekta la mwekezaji halijafika. Akawakuta wachimbaji wote ishirini na sita na majembe yao, wanatazamana kwa haya. Kumbe kila mmoja alikuwa akiificha sehemu ile ile.

"Ndaga, asante mwalimu, na pole," bibi Tusekile alisema, akaendelea kung'oa, hata vile viazi vidogo vya kuachia mwakani.