Kutu Chini ya Jani

Rohayu alianza kuiogopa akili yake kwa sababu ya mti wa tini.

Aliuotesha ndani ya pipa mbele ya nyumba, katika mji wa Muar. Majani yalitoka vidoa vya manjano, na ukiligeuza jani, vidole vinabaki na unga wa rangi ya kutu. Aliyachuma yote yaliyougua, akayarundika ukutani yangoje gari la taka. Yakachipua mengine, mororo. Hata hajamaliza kushukuru, nayo yakashika kutu.

"Utakuwa umeuloga," alitania Zaharin, mumewe, dereva wa lori mstaafu, akipuliza kahawa kibarazani.

"Ningeanza na wewe, Baba Wardah."

Kamsiah, jirani aliyeotesha mitini kwenye vyungu, aliitwa aje kutazama. "Kutu hii, shoga yangu. Ni ukungu, unapenda majimaji. Mwagilia shinani, jani lisiguswe. Yaliyougua yafunge mfukoni yatoke kabisa. Kisha pulizia dawa ya salfa, jua likiwa bado changa."

"Na haya yenye mabaka? Mbona chini hayana unga?"

"Hiyo batobato, ugonjwa mwingine. Haina dawa, lakini mti unaishi nayo na unazaa. Usikate tu kipandikizi humo."

Maradhi mawili, mti mmoja. Rohayu akapulizia salfa, akamwagilia shinani. Kutu ikarudi. Zaidi ya hapo, rundo la majani lilitoweka kabla hajalifunga mfukoni, na gari la taka halikuwa limepita. Jioni moja akakuta majani yanachuruzika maji. Je, ni yeye aliyeyamwagia akasahau? Mama yake alianza kusahau hivyohivyo, kwa vitu vidogo. Hakumwambia mtu.

Siku ambayo darasa lake la Kurani liliahirishwa, alirudi mapema. Zaharin alikuwa kashika mpira wa maji, anayaosha majani moja moja kama anayemwogesha mtoto.

"Unafanya nini?"

"Nauondolea huo uchafu wa manjano uliomwagiwa."

"Ile ni dawa, Baba Wardah. Na majani niliyorundika?"

Akaonyesha pipa la mtini. Yalikuwa yamefukiwa kwenye udongo. "Mbolea hiyo. Marehemu mama yangu hakutupa jani. Nikaona unahangaika, nikasema nikusaidie kimyakimya."

Rohayu akaketi kwenye ngazi. Hakujua acheke au amrushie kiatu. "Nilidhani nimeshikwa na ugonjwa wa kusahau wa mama yangu," akasema.

Zaharin akafunga bomba. Akaja kuketi kando yake. "Ungeniuliza," akasema.

"Na wewe ungesema."

Waliyafukua majani yale, wakayafunga mfukoni. Salfa ikarudiwa, mpira ukatundikwa. Kutu ilipungua polepole, haikwisha. Mabaka yalibaki palepale. Zaharin sasa huinama na mkasi, analigeuza jani, anaita, "Mama Wardah, hili ni la kukata au la kuacha?"

Mara nyingine Rohayu mwenyewe hana hakika. Wanalitazama wote wawili.