Difu ya Mwendo

Meno ya difu ya pikapu yetu, ile gia ya ekseli ya nyuma, yalipokatika, fundi Nestory wa Kiseke alituwekea mbili chini, zimejaa grisi, akasema tuchague.

"Hii ya nguvu. Tairi linazunguka taratibu, mzigo unapanda. Na hii ya mwendo. Kwenye lami utaipenda, mlimani itakusumbua. Vyote viwili hupati, shemeji."

Mimi sikuwa na la kufikiri. Kazi yangu ni kuvuta mitumbwi mwaloni Igombe. Inapakiwa kwenye trela, naipandisha mteremko wa mawe hadi kwa maseremala. Mume wangu, Otuoma, hupeleka dagaa Tarime kwa gari hilohilo, na ugonjwa wake ni kuwahi. Gari jingine likimpita njiani pale Bunda, hapati usingizi.

"Ya nguvu," nikasema.

"Mama Princess, tutafika sokoni wenzetu wameshauza."

"Utachelewa, lakini utafika. Nestory, funga ya nguvu."

Otuoma akaanza kuhesabu hela za fundi. Nikajua nimeshinda, nikaenda zangu Utegi kumwona mama.

Niliporudi gari lilikuwa tayari. Nililiendesha kushuka mwaloni likawa jepesi, gia ya pili inakwenda mbali kuliko zamani. Nikafurahi kama mjinga, nikamsifu Nestory peke yangu kwenye usukani.

Pacha wangu, Odongo, ndiye aliyekuwa akitembea ubavuni mwa gari na jiwe, analisukumia nyuma ya tairi kila ninaposimama. Asubuhi hiyo alinitania kwamba nimenenepa kwa ugali wa mama, kwamba gari litalemewa na mimi wala si mtumbwi. Nikamtukana, tukacheka.

Tulipopakia mtumbwi na kuanza kupanda, katikati ya mteremko injini ikaanza kugugumia. Gia ya kwanza, niliyozoea kuiamini, ikashindwa. Nikakanyaga mafuta, klachi ikatoa moshi. Nikakanyaga breki, lakini ule mtumbwi uliolowa maji ukatuvuta kurudi, matairi yanaserereka juu ya mawe. Odongo akakimbilia tairi na jiwe lake, kama siku zote. Nilimwita kwa nguvu zangu zote. Trela likapinda, likambana kwenye mwamba.

Otuoma alinikuta nimekaa chini, kichwa cha Odongo mapajani mwangu.

"Nilimwambia Nestory afunge ya mwendo," akasema. "Ningekwambia jioni. Niliogopa mdomo wako."

Mdomo wangu! Watu wa mwalo mzima wanaujua, na hapo haukutoa hata neno moja. Nilimchukia mume wangu. Bado namchukia, hata anaponiletea chai.

Hatukuwa na gari jingine la kumpeleka Odongo nyumbani. Nestory alibadilisha klachi bila kuniangalia usoni. Jeneza likafungwa kamba nyuma, Otuoma akashika usukani, nikakaa pembeni yake. Magu, Bunda, daraja la Kirumi. Kwenye lami gari lilitulia, injini unaisikia kwa mbali tu. Hakuna gari lililotupita.

Utegi tulikuta vijana bado wanachimba kaburi, shimo limewafika magotini tu. Ikabidi tusubiri juani, jeneza likiwa bado garini. Mama akaja akishikwa mikono na wanawake wawili, akaniuliza mbona tumewahi hivyo.