Bi Donge na Kaka Yake

Kila mwaka, Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi, Babu Wilf Barraclough alivaa koti lake zito, akajaza machungwa mifukoni, akawapeleka wajukuu wake kutazama mchezo wa Krismasi katika ukumbi wa pale Halifax, kaskazini mwa Uingereza. Hakuna aliyekumbuka mwaka ambao hakwenda. Aliwahi kwenda na jino bovu, shavu limevimba kama andazi. Alikwenda hata mwaka ule kiwanda cha mazulia kilipomwachisha kazi. Yeye mwenyewe alipelekwa utotoni na mama yake, na mama yake ndiye aliyeanzisha mtindo wa machungwa mfukoni na wa kukaa mstari wa mbele kabisa, pale ambapo peremende zinazorushwa kutoka jukwaani humwangukia mtu mapajani bila ya kugombania.

Ndiyo maana mjukuu wake Hettie alishangaa mwaka huo, walipoingia mlangoni na Babu akazielekea ngazi.

"Babu, huko siko."

"Ndiko."

"Sisi hukaa chini, mbele."

"Mwaka huu tunakaa juu. Juu kunaonekana vizuri zaidi."

"Juu zinaonekana tosi za watu tu," alisema Hettie, lakini Babu alikwisha kupanda, amemshika mkono Ned, mdogo wake Hettie, na Bibi Doris akifuata nyuma huku akihema na kushikilia kofia yake.

Hettie alikuwa mtoto wa kuuliza. Baba yake alizoea kusema kwamba mtoto huyu ukimpa zawadi, hulichunguza kwanza sanduku ilimokuja ajue limegundishwa vipi. Aliketi kwenye kiti kigumu cha roshani, akachungulia chini. Theluji ilikuwa imeanguka tangu asubuhi, mabasi ya vijiji vya mlimani hayakufika, na ukumbi ulikuwa na mapengo kama kinywa cha kizee. Viti vya mbele vilikuwa vitupu vingi tu. Basi kwa nini waje kukaa huku kwenye baridi, karibu na dari?

Pazia likafunguka. Mchezo wa mwaka huo ulihusu ng'ombe aliyemeza taji la mfalme, na mwenye ng'ombe alikuwa mjane muuza maziwa aitwaye Bi Donge. Kama ilivyo desturi ya michezo hii, mjane huyo aliigizwa na mwanamume: kifua kama magunia mawili ya unga, nywele za bandia nyekundu, na kichwani kofia yenye birika zima la chai. Alipojikwaa kwenye ndoo yake mwenyewe Ned alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Naye Bwana Kisirani, yule mwovu, alipokuwa akimnyemelea mjane kwa nyuma, ukumbi mzima ulipiga kelele: "Nyuma yako! Nyuma yako!"

Ukumbi mzima, isipokuwa Babu.

Hili lilimtia Hettie wasiwasi kuliko ngazi. Babu Wilf, ambaye nyumbani huweza kumaliza chakula chote cha jioni kwa maneno "chumvi" na "asante", ndiye aliyekuwa bingwa wa kupiga kelele kwenye mchezo wa Krismasi. Kila mwaka alirudi nyumbani sauti imemkauka. Leo alikaa kimya, akimenya chungwa ambalo hakulila, macho hayambanduki Bi Donge.

Hettie naye akamtazama Bi Donge. Akamtazama anavyotembea, anavyotanguliza bega moja kama mtu anayepita kwenye mlango mwembamba.

"Babu," alisema, "yule mwanamke anatembea kama wewe."

"Tazama mchezo."

"Lakini kweli. Lile bega. Wewe ukienda dukani…"

"Hettie. Tazama mchezo, mwanangu."

Wakati wa mapumziko Bibi Doris alimpeleka Hettie chooni, na foleni ya wanawake ilikuwa imefika mpaka kwenye ngazi. Hettie aliona hapo pana nafasi, kwa kuwa mtu aliyebanwa kwenye foleni hana pa kukimbilia.

"Bibi, Babu ana nini?"

"Ana uzee."

"Bibi!"

Bibi Doris alitazama huku na huku. Mbele yao alikuwepo mwanamke mwenye kofia ya manyoya, naye alikuwa ametega sikio bila hata kuona haya.

"Yule Bi Donge," Bibi alisema kwa sauti ya chini, "ni mdogo wake babu yako. Anaitwa Lionel. Tumbo moja, baba mmoja."

"Kumbe nina babu mwingine?"

"Unaye."

"Mbona sijawahi kumwona?"

"Kwa sababu hawasemezani, tangu kabla hujazaliwa. Mama yao alifariki majira kama haya haya. Lionel alikuwa kusini huko, anacheza michezo kama hii. Tukampelekea habari. Hakuja. Siku babu yako anamshusha mama yake kaburini, mwenzake yuko jukwaani amevaa gauni, watu wanamcheka. Basi babu yako akampigia simu, akamwambia neno moja. Tangu siku hiyo, kwisha."

"Neno gani?"

"Halisemeki kwenye foleni ya choo."

"Aa, sema tu, mama," alisema yule mwenye kofia ya manyoya. "Hapa sote ni watu wazima."

"Huyu je, ni mtu mzima?" Bibi alimwonyesha Hettie, na mwanamke akageuka mbele tena, amenuna.

Hettie aliwaza. "Sasa kama amemkasirikia hivyo, kwa nini amekuja?"

"Hata mimi nilimuuliza. Aliposikia ni Lionel aliyeajiriwa mwaka huu nilidhani tutabaki nyumbani. Akaniambia watoto hawana kosa. Kisha akaenda kununua viti vya juu."

"Ili amwone Lionel, lakini Lionel asimwone yeye?"

Bibi Doris alimtazama mjukuu wake kwa muda, kama anayemwona upya. "Zamu yako," alisema. "Ingia, usichelewe."

Waliporudi juu walimkuta kijana wa kuonyesha viti amesimama mlangoni na tochi yake. "Wapendwa wa juu, shukeni wote!" alikuwa akiita. "Mabomba ya joto ya huku yamezimika, na chini kuna viti tele. Hatutaki mtu atugandie humu."

"Sisi tuko sawa," alisema Babu.

"Mzee, pua yako imekuwa ya bluu."

"Pua ni yangu."

Lakini Ned, aliposikia tu neno "chini", alikwisha kuteremka mbio, na mtu hawezi kumwacha mtoto wa miaka mitano ajiendee peke yake. Walimkuta mstari wa mbele, katikati kabisa, amejitandaza juu ya viti vinne ili mtu mwingine asivichukue. Babu alisimama kwenye njia. Taa zikaanza kuzimwa. Watu nyuma wakasema, "Kaa basi, mzee, tuone!" Akakaa, akainua kola ya koti mpaka masikioni.

Pazia lilipofunguka, Bi Donge alikuwa amempoteza ng'ombe wake, Siagi, ambaye kwa kweli ni watu wawili ndani ya vazi moja la ng'ombe. Alikuja mpaka ukingoni mwa jukwaa, mikono kiunoni. "Watoto wangu, mmemwona ng'ombe wangu?"

"Nyuma yako!"

Akageuka, na ng'ombe akazunguka naye. "Wapi? Mnanidanganya! Hakuna kitu nyuma…"

Hapo macho yake yakaangukia mstari wa mbele, na neno likamkatikia mdomoni.

Hettie alikuwa karibu kiasi cha kuona jasho likichora mfereji kwenye poda. Bi Donge alisimama tu. Miguu ya nyuma ya ng'ombe, isiyoona kitu, iliendelea na safari ikaisukuma ile ya mbele, watu wakacheka. Kisha kicheko kikaisha, na bado hakuna aliyesema neno. Mpiga ngoma alijaribu kusaidia, akapiga toazi mara moja. Babu hakusogea. Hettie alitaka sana kujua kitakachotokea, na papo hapo akaogopa kukijua.

"Basi," alisema Bi Donge hatimaye, na sauti haikuwa ile ya kubana ya mwanzo. "Nilikuwa nasemaje? Eh. Mimi, watoto, nimezaliwa mji huu huu. Na nilikuwa binti mzuri kuliko wote."

Ukumbi ukaamka kwa furaha. Hapa kila mtu alijua la kufanya. "Hukuwa!"

"Nilikuwa!"

"Hukuwa!"

"Na mama yangu," alisema Bi Donge, "alinipenda mimi kuliko wote."

"Siyo kweli!"

"Ni kweli!"

"Siyo kweli!" Safari hii Hettie alisikia sauti nyingine pembeni yake, nene, yenye kukwaruza. Babu alikuwa amesimama. Watu waliomzunguka walinyamaza mmoja mmoja, mpaka ikabaki sauti yake peke yake.

"Ni kweli," alisema Bi Donge.

"Siyo kweli!"

"Ni kweli, Wilf."

"Siyo! Ulikuwa kitinda mimba, ukidekezwa. Kudekezwa si kupendwa zaidi."

"Basi alimpenda nani?"

Mikono ya Babu ilikuwa imelibana chungwa lililomenywa, na maji ya chungwa yalikuwa yakimdondoka vidoleni. "Alitupenda sote wawili," alisema. "Na alikuwa akikuulizia, mpumbavu wewe. Mpaka mwisho alikuwa akikuulizia."

Waliosikia "mpumbavu" walicheka. Kisha kicheko kikapungua chenyewe, maana Halifax si mji mkubwa, na wazee kadhaa mle ndani walimjua mama Barraclough. Nyuma huko mtu alipenga kamasi. Ng'ombe, asiyejua afanye nini, akakaa chini.

Bi Donge aliweka mkono juu ya yale magunia ya kifua. "Mmemsikia wenyewe," aliwaambia watu, taratibu. "Huyo ni kaka yangu. Ana sauti mbaya, lakini mpigieni makofi." Wakapiga. Babu akaketi kwa kishindo, na Bibi Doris akamfuta vidole kwa kitambaa chake, kimoja kimoja.

Mchezo ukaendelea. Ng'ombe alipiga chafya, taji likamtoka, Bwana Kisirani akaangukia ndani ya tangi la maziwa. Mwisho zikarushwa peremende, na Ned akazikusanya nyingi hata akashindwa kufunga koti.

Nje giza lilikuwa limeanza kuingia. "Twendeni nyumbani," alisema Babu, ila yeye mwenyewe hakuondoka. Alisimama kwenye theluji akivaa glavu, akizivua, akizivaa tena.

"Wasanii wanatokea mlango wa nyuma, kichochoroni," Hettie alisema. "Nimemuuliza yule kaka wa tochi."

"Nani amekutuma umuulize?"

"Hakuna. Nilitaka kujua tu."

Wakaenda kichochoroni. Baada ya muda mlango ulifunguka, akatoka mwanamume mfupi mwenye upara, rangi nyekundu imembakia nyuma ya masikio. Alipowaona alisimama kwenye kizingiti kama mtu anayengoja kukaribishwa, ingawa mlango ulikuwa wake.

"Umekonda," alisema Babu.

"Unene wote ulikuwa pamba."

Wakatazamana. Ned akawaokoa. "Wewe ndiye Bi Donge?"

"Nilikuwa, mpaka sasa hivi."

"Ng'ombe yuko wapi?"

"Nusu ya mbele inavuta sigara. Nusu ya nyuma inampigia mkewe simu."

Bibi Doris alishindwa kuvumilia. "Krismasi unakula wapi, Lionel?"

"Chumbani kwangu. Mama mwenye nyumba ameahidi kuniachia nyama ya kopo."

"Nyama ya kopo! Siku ya Krismasi! Utakuja kwetu, saa saba mchana. Ukichelewa viazi vitakauka, na sitapika vingine."

Lionel alimtazama kaka yake. Babu alikuwa akiutazama ukuta. "Mwenye nyumba amesema," alisema Babu. "Mimi ni mpangaji tu pale."

Lionel alikuja mapema, siku yenyewe, mabega meupe kwa theluji, mkononi kopo la pichi. Wazazi wa Hettie walikuwepo pia, wakimpokea mgeni kwa adabu nyingi kupita kiasi, kama watu wanaobeba trei ya glasi. Ndugu wawili walizungumzia hali ya hewa. Hali ya hewa ikaisha. Babu akainuka kwenda jikoni kumkata bata mzinga.

Hettie alimgeukia mgeni. "Babu Lionel, kwa nini hukuja kwenye mazishi?"

"Hettie!" mama yake alisema kwa ukali. Bibi aliangusha kijiko.

"Mwacheni," alisema Lionel. Alivipanga uma na kisu chake vikae sambamba. "Watu nimewaambia kwamba hakukuwa na mtu wa kuvaa gauni langu. Uongo. Alikuwepo kijana aliyeyajua maneno yote, na angefurahi. Mimi niliogopa. Nilijiambia nisipomwona akishushwa chini, basi kwangu mimi bado yuko jikoni kwake anamenya viazi."

"Na ikasaidia?"

"Wiki moja hivi."

Babu alikuwa mlangoni, sahani ya nyama mkononi. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini. "Hukuniambia hivyo," alisema.

"Hukuniuliza. Ulinitukana."

"Nilikutukana," Babu alikubali. Akaweka sahani mezani, akabaki ameishika ukingo wake. "Mimi nami niliogopa, Lionel. Mchungaji ndiye aliyenishika mkono pale kaburini. Ungekuja, tungeogopa wawili."

Lionel aliitikia kwa kichwa, akaendelea kuitikia hata baada ya maneno kwisha. Bibi Doris alimmiminia mchuzi juu ya viazi, mwingi sana, ukafurika ukaingia kwenye kitambaa cha meza, na siku hiyo hakumlaumu mtu.

Hettie alikuwa na swali jingine tayari, juu ya mtu wa miguu ya nyuma na jinsi anavyopata pumzi mle ndani ya ng'ombe. Lakini alimwona Babu akivuta kiti kutoka upande wa pili wa meza, akikizungusha mpaka upande wa mdogo wake, na baba yake akisogea kumpisha. Akaamua swali lake lingoje mpaka baada ya pichi.