Kikohozi cha Mama Mkubwa

Mwaka ule wa korona, fundi cherehani mmoja alikuwa mkali kuliko serikali. Ndoo ya maji na sabuni ilikaa mlangoni, wateja walihudumiwa dirishani, na jirani akipiga chafya alisemwa wiki nzima. Mtoto wake wa miaka mitatu, Kidoti, hakukanyaga nje. Aliyeruhusiwa kuingia ni mtu mmoja tu: dada mkubwa wa mama huyu, toka nitoke, aliyeachishwa kazi hotelini mji ulipofungwa.

Dada alikuja na begi na kikohozi. Akapimwa korona, hana. Nyumba nzima ikapumua. "Ni vumbi la mablanketi ya hoteli," alisema, na fundi, mtu wa kukagua mshono mpaka upande wa ndani, akalimeza neno hilo bila maji. Basi yeye akishona barakoa, Kidoti alilala kifuani kwa mama mkubwa.

Homa ilipoanza wakatibu malaria. Kisha mtoto akawa anatapika, anasinzia mchana kutwa, analia akiguswa shingo. Hospitalini wakampima korona kwanza, hana.

"Mama, nyumbani kuna mtu anayekohoa muda mrefu?" daktari aliuliza. "Au aliyewahi kuambiwa ana TB?"

Fundi akampigia dada yake hapohapo, spika ikiwa wazi.

"Dada, wewe hujawahi kuambiwa una TB?"

"Mimi? Mdogo wangu, ningekuficha wewe?"

Fundi akamgeukia daktari, tena kwa fahari kidogo: kwao hakuna. Daktari akaendelea na dawa alizokuwa ameanza, za ugonjwa mwingine.

Jicho la Kidoti likaanza kwenda upande. Akaacha kuitika. Ndipo mama yao mzazi akapiga simu kuulizia mjukuu, na ulimi hauna mfupa: "Na dada yako, zile dawa za kifua amerudia kumeza? Alisema kliniki yake imegeuzwa ya korona, akaacha."

Fundi akakaa sakafuni, palepale koridoni.

"Mama, ulijua?"

"Alinisihi nisikwambie. Ungemfukuza, mwanangu."

"Ningempa chumba chake! Mtoto ningelala naye mimi!"

Labda kweli angemfukuza. Siku zile nani alimvumilia mkohozi? Lakini walimnyima hata nafasi ya kuamua, tena mtu aliyetoka tumbo moja naye na mwenye tumbo lenyewe. Alikuwa ameufungia mlango ulimwengu mzima, na kikulacho ki nguoni mwako.

Alimkimbilia daktari. Maji ya uti wa mgongo yakatolewa, na dawa za TB ya ubongo zikaanza siku ileile. Dada akatuma samahani juu ya samahani. Fundi hakufungua hata moja.

Wodi iliruhusu mlezi mmoja, akakaa yeye, barakoa usoni. Baada ya wiki nyingi, asubuhi moja, Kidoti akafumbua macho, akamtazama kama mgeni.

"Namtaka mama mkubwa."

Fundi akashusha barakoa. "Ni mimi, mama yako."

Mtoto akageukia ukutani, akalia. "Mama mkubwa!"

"Mpigie tu, mama," muuguzi akasema taratibu. "Asikie sauti anayoitaka."

Akapiga. Dada akapokea mara moja, akaanza kulia. Fundi akaiweka simu sikioni mwa mwanawe, na Kidoti akanyamaza, akatulia. Fundi akaishikilia hivyohivyo mpaka mkono ukauma, na yeye mwenyewe hakumwambia dada yake hata neno moja.